Machozi ya mara ya pili

*Barua hii imefupishwa. Jina la kuigizia la mtoto tumelibadilisha ili asitambulike.*

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Mbagala. Nina kisaluni cha kusuka pale pale nyumbani, barazani. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa. Akibeba mzigo wa Kongo anaweza kukaa wiki tatu hata nne, hasa foleni ya Tunduma ikiwa mbaya. Tunaishi na mdogo wake, kijana wa miaka 24 aliyemaliza chuo akakosa kazi. Watoto wanamwita bamdogo. Ni kijana mzuri, na hilo nataka lieleweke kabla sijaendelea.

Binti yangu mkubwa ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Tangu mdogo ni mcheshi. Miaka miwili iliyopita alijifunga kanga yangu, akachukua daftari, akamwendea bamdogo wake aliyejilaza kwenye kochi, akashika kiuno: "Leo tarehe ngapi? Au mwezi huu tena unanilipa kwa salamu?" Alikuwa anamuiga mama mwenye nyumba wetu wa zamani, mpaka kile kikohozi chake. Bamdogo alicheka hadi akaanguka. Akamwambia arudie, akarekodi, akaposti. Kufika asubuhi watu elfu arobaini walikuwa wameshaangalia. Hapo ndipo alipozaliwa "Mama Kodi".

Leo akaunti ina wafuasi zaidi ya laki tatu. Kuna duka la vitenge linalipa, kuna madalali wa viwanja, kuna wauza mafuta ya nywele. Sitakudanganya, hela ile imetusaidia. Imelipa ada, imeezeka chumba cha uani, na mwaka jana baba yao alipokaa miezi miwili bila safari, tulikula kwa Mama Kodi. Mama mkwe anasema mtoto huyu kaja na riziki yake.

Kilichonifanya niandike ni jino.

Jumamosi moja alikuwa anatafuna hindi la kuchoma, jino likang'oka. Akaona damu, akaogopa, akaja mbio kwangu analia. Hajanifikia, bamdogo ameshatoa simu. "Subiri, hapo giza. Njoo mlangoni kwenye mwanga. Haya, lia tena." Shangazi, mwanangu alinyamaza pale pale. Akajifuta damu kwa mgongo wa mkono, akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akatafuta kwa macho simu iko wapi, akalia. Alilia vizuri kuliko mara ya kwanza, na machozi yakamtoka kweli. Kisha akaambiwa arushe jino juu ya bati, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Likateleza likarudi. Akarusha tena, simu haikulinasa vizuri. Likatafutwa mchangani, akarusha mara ya tatu.

Mimi nilikuwepo, nina chanuo mkononi na mteja kichwa kinaningoja. Mteja alicheka. Mimi sikusema kitu.

Tangu siku ile naona mambo ambayo sikuwa nayaona. Akicheza rede na wenzake akianguka, kwanza anainua kichwa kuangalia kama kuna anayerekodi. Wenzake hawamwiti jina lake, wanamwita Mama Kodi, hata mwalimu mmoja. Kwenye klipu moja alisema mpangaji wake "kodi hana ila mchepuko anao". Nilidhani atakuja kuniuliza maana yake. Hakuniuliza. Nilimuuliza mimi, akanieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Na siku hizi anasoma mwenyewe wanachoandika watu. Usiku mmoja akaniuliza: "Mama, hivi mimi nina kichwa kikubwa?" Kuna mwanaume mzima aliandika, "Huyu namsubiri akue." Watu wakaweka alama za kicheko.

Sasa imekuja kampuni inataka mkataba wa mwaka mzima: siku tatu kwa wiki, mbili baada ya shule na Jumamosi. Hela yenyewe sijawahi kuishika. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Oktoba mtoto ana upimaji wa darasa la nne. Mume wangu kwenye simu anasema tusaini, bahati haigongi hodi mara mbili. Bamdogo ameshakopa, amenunua simu mpya na taa ya kurekodia. Mtoto mwenyewe nikimuuliza anasema, "Nataka, mama."

Mimi nikiifikiria ile sahihi tumbo linakata. Naona nimemuuza mwanangu. Sisi utoto wetu tulicheza mpaka jua likazama, hakuna aliyekuwa anatuangalia. Nikimzuia, nitakuwa nimemnyang'anya kitu anachokipenda na kuivuruga nyumba. Nisipomzuia, je? Nisaidie.

Mama Asiyelala, Mbagala

---

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma nasimama pale mlangoni, mtoto anapogeuka kutafuta simu iko wapi.

Unaniuliza kuhusu mkataba, kwa sababu mkataba una tarehe na kila mtu nyumbani anangoja. Lakini naona ni maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja. Lipo la sahihi, ambalo litakwisha mwisho wa mwezi kwa ndiyo au hapana. Na lipo la mlangoni, ambalo halina tarehe. Ukikataa mkataba kesho, simu ya bamdogo bado ipo mfukoni, na akaunti bado ina watu laki tatu. Kwa hiyo niruhusu nianze na hilo la pili.

Kwanza hilo neno "nimemuuza" litue chini. Siku ile ulikuwa kazini, mikono ina mafuta, mteja anacheka, na jambo lenyewe halikuzidi dakika tano. Wengi wetu tungenyamaza. Ukija kwenye kikao cha familia umelibeba neno hilo, bamdogo atasikia kwamba yeye ndiye mnunuzi, na mazungumzo yatakufa kabla hayajaanza. Umesema ni kijana mzuri. Nakuamini.

La pili, hapo uliposema hakuna aliyekuwa anatuangalia, tubishane kidogo. Mimi nimekulia Tanga. Nikiwa shule ya msingi niliingizwa kwenye halaiki. Wiki kadhaa juani, vitambaa vya rangi mikononi, mwalimu na fimbo yake, ili siku ya sherehe uwanja mzima utuangalie sisi watoto tukigeuka maua na mwenge. Watoto wameimba kwaya, wamesoma kaswida mbele ya watu, wamecheza ngoma za harusini wakatuzwa. Mtoto kutazamwa si jambo lililoletwa na simu.

Wala usitupambe sana. Wewe mwenye miaka 33 ulikuwa mtoto mchanga ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973. Sisi Bara tulikuwa na redio, na habari za televisheni tulizipata kwa ndugu waliovuka bahari kuturingia. Nakumbuka Magomeni miaka hiyo ya mwanzo, nyumba moja ina televisheni na dirisha limejaa watoto, wengine wamepanda ndoo. Zamani mgeni akija na maneno mazito, mama alikuwa hasemi kitu, anatuangalia tu, nasi tunajua, tunatoka nje. Mambo ya wakubwa yalikuwa na mlango. Mengine yalikuwa na kungwi wake na wakati wake, ukifika unaambiwa. Televisheni haikujua nani yuko sebuleni. Walioko kwenye kochi na wale wa dirishani waliona bunduki zile zile na mabusu yale yale, na mtu mzima akisema "fumbeni macho" vidole vilikuwa vinaachia nafasi. Kwa hiyo huo ukuta ulishatobolewa ukiwa mdogo, na wewe ulipita kwenye tundu lile lile ambalo binti yako amelipitia akajua mchepuko ni nini.

Nilipoisoma barua yako, nililoliona jipya ni hili: wewe ulikuwa dirishani unachungulia ndani. Yeye yuko ndani ya televisheni, na walioko dirishani ni watu laki tatu.

Halaiki ilikuwa na jioni yake. Tulirudisha vitambaa, tukanywa soda, Jumatatu hakuna aliyeniita "kijani ya tatu kutoka kushoto". Binti yako Jumatatu anaenda shule akiwa Mama Kodi.

Halafu kuna hili la mchezo. Kujifunga kanga na kumsuta mpangaji ni mchezo wa baba na mama ule ule, wa tangu enzi. Watoto huonja ukubwa kwa namna hiyo, mmoja anakuwa mama mkali, mwingine mlevi, na ukiwasikiliza nyuma ya nyumba unaweza kuona haya namna walivyokunasa. Ila mchezo ule una neno lake moja ambalo sisi wakubwa hatulipi uzito: "Basi, sichezi." Mtoto akisema sichezi, mama mkali amekwisha, kanga inavuliwa, hakuna mjadala. Hata aliyeleta mpira anabeba mpira wake anaondoka. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mtoto ana mamlaka kama hayo.

Sasa jiulize, mwanangu: Mama Kodi anaweza kusema sichezi? Taa imenunuliwa kwa mkopo. Ada inatoka humo. Bibi amesema ni riziki. Baba yuko Tunduma anangoja habari njema. Mtoto wa miaka tisa anayajua yote haya, usidhani hajui. Watoto wanasikia bei ya mchele kupitia ukutani. Kwa hiyo akikwambia "Nataka, mama," inawezekana anataka kweli. Kuna watoto wana kipaji na wanakipenda, na kumvua kwa nguvu kutamuumiza. Inawezekana pia anawataka ninyi mfurahi. Hayo mawili yakitoka kinywani yana sauti moja. Njia ninayoijua ya kuyatenganisha ni kuifanya "sitaki" iwe nyepesi kwanza, halafu ndipo usikilize.

Unaweza kujaribu bila kutangaza. Msuke nywele, wewe na yeye tu, simu zote zikiwa chumbani, na usimuulize kama anapenda. Muulize klipu gani aliichukia. Muulize kuna siku alichoka akaogopa kusema. Na lile la kichwa kikubwa lirudie, maana alikuuliza usiku na nadhani bado anangoja. Ukimjibu "achana nao" atajua hulitaki hilo jambo. Mimi ningemuuliza nani aliandika, na alijisikiaje alipolisoma.

Tuje kwenye njia zilizopo mbele yako. Hakuna iliyo safi.

Ukisaini, usisaini kwa hamaki ya mwisho wa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomzuia kwenda shule. Binti yako ana tisa. Mimi si mwanasheria, na wanaoleta mkataba wanaweza kuuita kipaji au ubalozi badala ya ajira. Ndiyo maana karatasi ile ipitie kwa anayeijua sheria kabla ya kalamu: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au ofisi za msaada wa kisheria kama za Chama cha Wanasheria Wanawake. Tafuta kwenye mkataba sentensi inayosema video ni mali ya nani, na zitabaki kwa nani mwaka ukiisha. Tafuta pia kinachotokea mtoto akiumwa, au akisema hataki. Kama hakuna mstari wa "sitaki", basi mkataba wenyewe umeshakujibu swali moja.

Na hela inaingia kwa jina la nani? Hukuniambia. Kama ni simu ya bamdogo, simshuku, nauliza. Marekani palikuwa na mtoto mmoja, Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921 akawa maarufu dunia nzima. Alipofikisha miaka 21 akakuta mamilioni ya dola aliyoyachuma karibu yote yametumika, na mwaka 1938 akampeleka mahakamani mama yake mzazi. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kumtengea mtoto muigizaji sehemu ya mapato yake. Ufaransa mwaka 2020 ilipitisha sheria inayowahusu hasa watoto wa video za mtandaoni: hela yao inatunzwa mpaka wakue, na mtoto mwenyewe anaweza kudai picha zake zifutwe bila kuomba ruhusa ya wazazi. Hilo la mwisho lilinifikirisha. Wameona kuna siku mtoto atageuka aseme sikupenda, na wakamwekea mlango. Ninyi hamna sheria kama hiyo, lakini akaunti ya benki ya mtoto mnaweza kuifungua wiki hii, na kiasi kikaingia humo kabla ada na bati havijakatwa.

Ukikataa mkataba na kuacha klipu ziendelee kama zamani, mnaweza kujiwekea mipaka ya nyumbani. Maneno ya wakubwa yasomwe na wewe kabla hajayasema. Jumapili iwe haina simu. Na kinachotokea kweli, kama homa, adhabu, damu au kilio, kisirekodiwe hata kikiwa kichekesho cha mwaka. Hatari ya njia hii ni kwamba mipaka ya nyumbani hulegea. Wafuasi wakipungua, bamdogo atakuja na "leo tu", na wewe uko na mteja. Asiyekuwepo hawezi kulinda mpaka, kwa hiyo mume wako asiusikie kwako tu. Aongee na mdogo wake mwenyewe, hata kwa simu.

Ukisimamisha kabisa, utapata usingizi kwa muda. Lakini mtoto anaweza kudhani amekosea, kwamba alilia vibaya au kichwa chake kikubwa kimefukuza watu. Hilo lazima lisemwe waziwazi, na zaidi ya mara moja. Nyumba itayumba kihela, bamdogo atabaki na deni, na mama mkwe atakuwa na la kusema kila akija. Na klipu za zamani hazirudi zote. Mkizifuta kwenu, kuna waliozihifadhi na kuzirusha upya. Hata hivyo kupunguza kuna maana. Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, ofisi inayosimamia ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za huko kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo picha ya mtoto ina uzito mbele ya sheria. Kwako jambo ni gumu zaidi, kwa sababu mzazi wa kutoa ridhaa ni wewe.

Jambo moja sitaliweka kwenye mizani, nalo ni yule mwanaume wa "namsubiri akue". Hilo halingoji kikao. Maoni yafungwe leo, ujumbe wa faragha uangaliwe na wewe mwenyewe, na ukikuta kuna aliyemwandikia mtoto moja kwa moja, usifute, hifadhi, kisha piga 116, simu ya kumsaidia mtoto, hailipiwi. TikTok na Instagram zenyewe zinataka mwenye akaunti awe na miaka 13. Akaunti ni ya bamdogo, najua, na kikanuni mko salama. Lakini anayesoma usiku yale maoni ni wa miaka tisa.

Kuhusu bamdogo, nina ushauri wa kizee. Usimwendee ukiwa na orodha ya makosa. Mwambie ulichokiona mlangoni, kama ulivyoniambia mimi, kwa maneno yale yale, halafu unyamaze. Huenda naye alikiona. Kijana aliyekaa bila kazi akapata kitu kinachofanya watu wamsalimie mtaani ana hofu zake, na pengine amekuwa akiomba kimoyomoyo mtu mwingine aweke mpaka. Yeye ana kipaji cha kuandika vichekesho. Mpangaji asiyelipa kodi anaweza kusutwa na mtu mzima pia. Sijui kama wafuasi watakubali. Muulizeni yeye.

Mume wako anasema bahati haigongi hodi mara mbili. Huenda kwa mtoto mwenye kipaji ikagonga tena akiwa na miaka kumi na minne, au ishirini. Huenda isigonge. Hilo sina namna ya kukuahidi, na yeyote atakayekuahidi ana kitu anauza.

Niandikie mkishakaa kikao, hata kama uamuzi wenu ni ule ambao tumbo linaukataa, sitakugombeza. Na katika barua hiyo niambie kitu kimoja ulichokisahau. Ile mara ya tatu, jino lilibaki juu ya bati?

Shangazi yako